Mwenye Kelele Ndiye Ashike Jagi

Lakini hukuniacha nimalize, Mumbua mwanangu. Ulisema, "Mimi nitawadunga tu, mwaitu. Wakitaka sindano watapata sindano, wakitaka vidonge watapata vidonge. Sitapasuliwa kichwa kwa ajili ya dawa ambayo hata si yangu," kisha ukajiongezea muthokoi sahanini kama mtu aliyesema kesho huenda mvua ikanyesha. Mume wangu Kioko aliinuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha nje. Maneno niliyokuwa nayo ni mengi mno kwa meza moja.

Kwa hivyo nakuandikia. Sanduku lako nimekwisha kulifunga na sitakuambia kilichomo ndani. Wala sitakuambia ule vizuri na uvae sweta. Hayo unayajua kuliko mimi. Kesho asubuhi unakwenda kwenye zahanati yako kule upande wa Ekalakala, ambako muuguzi aliyekutangulia alipigwa na jamaa za mgonjwa mpaka akaacha kazi, kisa alikataa kumdunga mtoto mwenye mafua. Unaogopa. Na mimi naogopa, nisikufiche. Nataka uwe hai. Lakini nataka pia uwe yule muuguzi uliyekuwa ukimwigiza ukiwa mdogo, ukifunga miguu ya mbuzi kwa matambara. Na kuna kitu ninachokijua ambacho hukufundishwa chuoni, na hata Kioko hawezi kukufundisha, maana yeye alikuwa upande wa kupigwa. Mimi nilikuwa upande wa kupiga.

Najua hupendi nikianza habari za Kioko. Nivumilie, mwanakwa, mimi bado ni bibi harusi. Huamka kabla yangu akanichemshia maji ya kuoga. Ananiita "ua langu" mbele ya kuku. Jana nilipita sokoni Wamunyu wanawake wakanicheka, "Mama Mumbua, mbona unatembea kama msichana wa Form Two?" Nikawaambia, "Nilipokuwa Form Two sikuwa na raha kama hii!" Nikimwona anakuja njiani na ile baiskeli yake, moyo wangu unaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba, na nywele zangu zina mvi, aki, nachekesha! Na lile kovu lililo juu ya nyusi yake ya kushoto nalibusu kila asubuhi. Nabusu mahali nilipompasua kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulikuwa darasa la pili. Unachokijua ni kile alichokuambia baba yako mdogo Nzioka, kwamba baba yako alikufa kwa sababu muuguzi Kioko alimnyima sindano. Umekua na maneno hayo. Ndiyo maana mpaka leo unamwita mume wangu "daktari," na sikulazimishi umwite vingine. Ila nataka uione siku ile kwa macho yangu.

Baba yako alikuwa mchongaji wa twiga. Mutiso akishika gogo la mti mgumu, unaona shingo inatoka humo kama ilikuwa imejificha inamsubiri. Mimi nilikuwa napiga msasa. Tulikuwa chini ya bati moja, wachongaji na wake zao, vumbi la mti limetujaa puani, na ukutani kulikuwa na mkebe wa majani ya chai umefungwa kwa waya. Unaukumbuka? Ulikuwa mkebe wa rangi mbili, zile kapsuli nyekundu na nyeusi, na nyingine nyeupe, na nyingine za manjano. Kila mtu aliyeandikiwa dawa hospitalini alibakisha kadhaa akazitia mle. Hakuna aliyetuamuru. Huo ndio ulikuwa utu wetu. Ukimaliza dawa zako zote unaonekana mchoyo, mtu asiyefikiria kidole cha mwenzake kitakachokatwa kesho. Na vidole vilikatwa sana. Mtu akikatika, mwingine anafungua kapsuli mbili, anamwaga unga juu ya damu, anafunga kwa tambara, kazi inaendelea. Nilikuwa najivunia mkebe ule kuliko kitu chochote pale. Nilifikiri sisi ni watu wa kupendana.

Tezo, kile kishoka cha kuchongea, liliruka siku moja likamchana baba yako kwenye muundi. Nyama ikafunguka kama mdomo. Alicheka, unajua alivyokuwa. "Lete rangi mbili," akasema, nami nikazileta mbio, nikamwaga, mikono yangu ikiwa myeupe kwa vumbi la msasa. Hakuna aliyeniambia ninawe, na hata ningeambiwa ningecheka. Nilifunga. Kesho yake nikamwaga tena. Unga ulishikana na damu ukawa kama plasta, mgumu, mkavu, na sisi tukafurahi kwamba kidonda kimekauka. Chini ya plasta ile nyama ilikuwa inaoza. Nilikuwa nimewafungia wadudu ndani ya nyumba, nikawawekea na paa.

Jioni nilikuwa namsafisha kando ya kidonda kwa beseni moja na kitambaa kimoja. Wewe nawe ulianguka ukajichubua goti ukikimbiza mbuzi. Nilichukua kitambaa kilekile. Nilikisuuza kwanza, kwa hayohayo maji.

Siku mguu ulipovimba mpaka pajani na baba yako akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, tulimpeleka kituo cha afya. Tulikuwa kundi, wachongaji wote wameacha kazi, wengine bado wameshika vitu vyao mkononi. Nzioka alikuwa na shingo ya twiga ambayo hakuwa ameimaliza, ndefu, nzito, bila kichwa. Mimi nilikuwa na chupa ya sindano tuliyoinunua dukani kwa mchango. Yule mwenye duka alisema hiyo ni kali, inaua kila kitu.

Kioko alikuwa kijana, na alikuwa peke yake. Aliutazama mguu, akamwingiza baba yako kwenye chumba cha vidonda, akafunga mlango. Hakutuambia neno. Tukabaki uani. Kisha baba yako akaanza kupiga mayowe.

Mumbua, umesikia wagonjwa wengi wakilia, lakini hujasikia wa kwako akilia nyuma ya mlango uliofungwa. Nzioka akasema, "Anamchinja! Anamchinja ndugu yangu!" Mtu mwingine akasema, "Amempa sindano?" Mwingine akajibu, "Hajampa kitu, nimechungulia dirishani, ako na maji tu." Hilo neno lilipita kwetu kama moto kwenye nyasi kavu. Maji tu. Maji tu. Nzioka aliupiga mlango teke la kwanza, la pili ukang'oka.

Niliona beseni lina damu, na ndani ya damu vipande vyeusi vya nyama ya mume wangu. Niliona makasi. Niliona sabuni, chumvi, na jagi la bati jeupe lenye ukingo wa buluu. Dawa sikuiona hata moja. "Mtu wetu anakufa," nikapiga kelele, "na huyu anamwosha kama viazi!"

Kioko aliinua mikono juu. Alikuwa na glovu. Akasema, "Tokeni nje, mna mavumbi." Nikamsukumia ile chupa usoni, nikamwambia, "Mdunge! Mdunge sasa hivi!" Akasema, "Hiyo haitafika, mama. Nyama imekufa, na hiyo dawa ni ileile mmekuwa mkimpa. Anatakiwa Machakos sasa, gari liko tayari, niache nimalize." Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini mimi nilisikia moja tu, haitafika. Nilisikia mtu anayekataa.

Nikalishika jagi kwa mkono wangu wa kulia, nikampiga nalo usoni. Ukingo ulimwingia juu ya jicho na damu ikaruka mpaka kwenye ukuta. Hakushusha mikono. Nikampiga tena. Bado mikono iko juu, kama mtu anayejisalimisha, na hilo lilinitia wazimu zaidi. Nzioka akazungusha shingo ya twiga, ikamwangukia kwenye mkono, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Wakamburuta uani. Wakampiga mateke mbavuni, kichwani, mgongoni, watu niliokula nao ndengu mchana uleule, na vumbi likapanda mpaka sikumwona tena, nilisikia tu ile sauti ya viatu vikiingia mwilini. Dereva wa gari alipoona hayo akaruka ua akapotea na ufunguo wake.

Kisha kukawa kimya. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na chupa yangu ya sindano mkononi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kudunga.

Tulihangaika mpaka tukapata pikapu ya kubeba mbao. Machakos walimkata baba yako mguu, lakini sumu ilikuwa imekwisha panda kwenye damu. Daktari mmoja alijaribu dawa hii na hii, akaniuliza tulikuwa tunatumia nini nyumbani. Nilipomwambia habari ya mkebe alivuta kiti akakaa. Kisha akanieleza polepole, bila kunigombeza, kwamba dawa ya kidogo kidogo haiwaui wadudu wote. Inawaua wanyonge, wale wakali wanabaki, wanazaana, na mwishowe dawa ileile ukiwapiga nayo hawahisi. Nilielewa mara moja, maana nilikuwa nimetoka vitani. Tulikuwa tumewarushia changarawe kila siku mpaka wakajifunza kukinga. Baba yako alikufa akiwa ameshika kidole changu. Kama angepona iwapo tungemwacha Kioko amalize, sijui. Nimemwuliza Kioko mara nyingi, mpaka kitandani, naye anakataa kunijibu. Ananiambia, "Lala, ua langu."

Baada ya mazishi goti lako likavimba. Likawa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, jekundu, linawaka moto. Uliniita "mwaitu, mwaitu" usiku kucha, na asubuhi sikuwa na pa kwenda ila palepale.

Nilikubeba mgongoni. Kioko alikuwa amerudi kazini akingoja uhamisho, mkono umefungwa plasta, jicho limeshonwa na limefunga. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma hatua moja. Akaniangalia mikono kwanza, kama nimeshika kitu. Nikamwambia, "Daktari, ni mtoto." Alitazama goti lako. Kisha akaelekeza kidevu chake kwenye ndoo yenye bomba, akasema, "Nawa mikono kwanza. Halafu ukitaka kunipiga tena, utanipiga ukiwa safi."

Mumbua, nilinawa. Nilinawa nikilia, nikajisugua mpaka kiwiko. Kwa kuwa alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, ilinibidi niwe mkono wake wa pili. Nilishika jagi, na yeye akatoboa goti. Nilimwagia maji na nikaona kwa macho yangu usaha ukitoka, mwingi, wa kijani, unatoka na unatoka, na uso wako ukilegea. Hapo ndipo nilipojua kile alichokuwa anafanya nyuma ya mlango siku ile. Alikuwa anamtoa adui nje. Hakuna kidonge kingeweza kumtoa adui yule kwa kubisha hodi.

Kisha akakupa dawa. Ndiyo, alikupa! Si kweli kwamba yeye ni mtu wa kunyima. Alisema goti hili linazihitaji, akazihesabu mbele yangu, akaniambia uzimalize zote hata ukianza kucheza. Na mimi, mama yako mjinga, hata baada ya kaburi lile, nilipofika nyumbani mkono wangu ulitenga mbili kwa ajili ya mkebe. Mkono wenyewe, kwa mazoea! Nikazirudisha. Ukazimeza zote. Lile kovu la goti unalolificha kwa sketi ndefu ni kazi yake, mtu niliyekuwa nimempasua uso.

Siku iliyofuata nilikata waya, nikauchukua ule mkebe nikampelekea. Nzioka aliposikia alinijia kwenye karakana mbele ya watu wote. "Umempelekea muuaji wa ndugu yangu dawa zetu?" Alinipiga kofi nikaangukia magogo, akanishika shingo akanibana ukutani mpaka nikaona nyota. Hakuna aliyemzuia. Walikuwa wanazililia dawa zao. Nilijua vile wanavyohisi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi.

Kioko akahamishiwa Muthetheni na mimi nikakulea.

Sasa nikuambie jinsi nilivyompenda, na usizibe masikio. Miaka ilipita. Nilipeleka ndengu sokoni Muthetheni nikiwa na kikohozi kilichonichosha, nikaingia kituo cha afya nikitaka kapsuli. Ni yeye. Tulitazamana. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma, kwa utaratibu, akauliza hili na lile, akasema, "Hiki ni cha mafua, kitaisha chenyewe. Dawa ya kuua wadudu sikupi. Kunywa vitu vya moto, na usipopona urudi." Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka nikakohoa, naye akaanza kucheka, akishika ile nyusi. Mara ya kwanza aliponikatalia nilimpasua. Mara ya pili nilimpenda. Nilirudi wiki iliyofuata kumwambia nimepona, na baada ya hapo nilirudi bila sababu yoyote.

Siku moja kati ya hizo za bila sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mwanamume mmoja akaingia na panga. Mtoto wake alikuwa na jipu limeiva mgongoni. "Nimekuja jana hamkumpa sindano!" alinguruma, na panga akalipiga mezani mpaka mbao ikapasuka. Wagonjwa walitawanyika. Nilisimama, maana nilijiona mimi mwenyewe siku ile. Kioko hakufunga mlango. Aliufungua wote, mpaka ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe mwenye kelele. Ndiyo, wewe. Nakuhitaji. Weka panga, nawa mikono mpaka kiwiko, uje ushike jagi."

"Nishike nini?"

"Jagi. Sina mtu wa kunimwagia maji. Unataka mtoto apone au unataka kupasua meza?"

Yule mtu aliegemeza panga ukutani. Akanawa. Akashika jagi. Kioko akawa anamwonyesha kila kitu, hapa ndipo ugonjwa ulipo, sindano ikiingia mkononi haifiki huku ndani, lazima mlango ufunguliwe utoke, tazama, mwaga polepole, tazama. Jipu lilipotumbuliwa yule baba alisema, "Yesu wangu, hivi vyote vilikuwa ndani?" akawa mtu mwingine kabisa. Aliondoka na panga lake kwapani akisema asante.

Baadaye Kioko aliniambia alilijifunza jambo hilo kwangu. Alilala hospitalini mkono umevunjika akawaza, akaona kosa lake. Alifunga mlango. Alikuwa sahihi juu ya mguu, lakini alituacha nje na mayowe, tukayajaza kwa mawazo yetu. Na ile mikono aliyokuwa ameinua, nilimwuliza, ulikuwa unajisalimisha? Akasema, "Hapana. Nilikuwa nazilinda glovu zisiguse kitu. Zilikuwa za mwisho." Nilikaa chini nikalia mpaka akaniletea chai.

Wewe siku ya harusi ulikuwa jikoni na akina shangazi, ulisikia kelele tu na ukaambiwa ni walevi. Hawakuwa walevi. Nzioka alikuja ingawa hakualikwa. Alisema lazima achinje mbuzi mmoja kwa niaba ya ndugu yake. Hatukumnyima. Lakini alikuwa na hasira, na kisu cha mtu mwenye hasira hakijui mbuzi ni yupi. Alijikata kiganja kutoka upande huu mpaka ule. Damu yake na ya mbuzi zikachanganyika mpaka huwezi kujua ipi ni ipi. Mkewe akaja mbio na kapsuli, tayari anaifungua kwa meno.

"Usimwage," Kioko akasema. Alikuwa na suti yake ya kijivu, aki, alivyopendeza! "Nzioka, nipe mkono."

Nzioka akainua kisu kwa ule mkono mzima. "Ukinigusa nitakuchinja, wewe mwizi wa mke wa ndugu yangu. Nitakuchinja juu ya huyu mbuzi." Watu walirudi nyuma. Mimi sikurudi. Nilianza kupiga kelele, sijui hata nilisema nini, nilimtukana Nzioka matusi ambayo bibi harusi hafai kuyajua, nikaona mkono wangu unatafuta kitu cha kumpigia. Nilikuwa tayari, Mumbua. Ningempasua.

Kioko akageuka akanitazama. Akatabasamu! Akasema, "Leo mwenye kelele ni wewe, ua langu. Nawa mikono, ushike jagi."

Jagi likaletwa kutoka kwenye vyombo vyake. Nililishika ndipo nikaliona. Jeupe, ukingo wa buluu, na ubavuni lina bonde. Bonde la kichwa chake. Alikuwa amelibeba kutoka kituo kile mpaka Muthetheni na mpaka nyumbani kwangu. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema, "Lilikuwa jagi zuri."

Nilinawa, nikalijaza, nikamwendea Nzioka na gauni langu jeupe, nikamwambia, "Shemeji, nipige tena kama utanipiga, lakini mkono wako nitauosha." Kisu kilikaa juu. Kisha kikashuka, Nzioka akakaa juu ya jiwe kama gunia lililokatwa kamba, akanyoosha kiganja. Nilimwaga maji mengi, maji mengi, Kioko akisafisha na sabuni, na Nzioka akawa anatazama lile jagi. Alilijua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mutiso naye aliumia hivi? Ulipokuwa unamwosha?" Kioko akasema, "Zaidi." Nzioka akalia kama mtoto, na damu yake imo kwenye gauni langu mpaka leo, haitoki. Kesho yake alikwenda mwenyewe kudungwa ya pepopunda, na kiganja kimepona bila kapsuli hata moja. Hajaniomba msamaha. Simngojei.

Sasa wewe. Sikuombi uwe shujaa. Jagi si ngao, na kuna watu ambao hawatanawa. Ukiona panga limepanda na macho hayakusikii, kimbia, mwanakwa, kimbia uache viatu. Kioko anasema siku ya kwanza kabla hujafungua hata kabati, angalia mlango wa nyuma unafunguka. Na dawa inapohitajika, itoe bila kuringa. Lakini usidunge kwa woga. Ukidunga kwa woga mara moja, watu watajifunza kwamba dawa inatolewa kwa panga, na kila siku watakuja na panga. Na siku moja ataletwa kwako mtu kama baba yako, kabati limejaa, na hakuna hata kimoja ndani kitakachofanya kazi.

Wale watu wanaopiga kelele nje ya mlango si wabaya, Mumbua. Ni mimi. Ni mama yako, ana vumbi mikononi, anampenda mtu aliye ndani na hajaambiwa kitu. Nilichotaka siku ile sikukijua mwenyewe, nilidhani ni sindano. Nilitaka kuona, na nilitaka kazi ya kufanya. Mtu aliyeshika jagi hana mkono wa kurusha jiwe.

Nilisema sitakuambia kilichomo sandukuni. Nimeshindwa, sijui kuficha. Liko katikati, limefungwa kwa leso yangu nyekundu, ili lisigongane na sahani. Ni Kioko aliyelitia, baada ya kuosha vyombo, bila kusema kitu. Ukiona bonde lake, usilinyooshe.

Ameacha taa ikiwaka ananingoja, na mimi nakwenda. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Ekalakala. Nitakuja na ndengu, na huyu bwana wangu nyuma yangu kwenye baiskeli kama kijana, na kelele zangu zote. Nikifika usikimbilie kunikumbatia. Nionyeshe kwanza maji yalipo, ninawe, kisha unipe lile jagi nishike.

Mama yako